Ombi la Kuifuta Methali ya Jino la Pembe

Kwa Mhariri Mkuu wa kile kitabu cha methali chenye jalada la kijani.

Ndugu Mhariri, mtunza maneno ya wahenga,

Natumaini barua hii inakukuta mzima wa afya, meno yote yakiwa mahali pake. Kama lipo lililokutoka usione haya, soma mpaka mwisho, maana unaandikiwa na mama mzazi wa mtu wa kukufaa.

Mimi ni mshonaji wa mapazia na sare. Shule niliishia ya msingi, lakini niliishia nikiwa wa kwanza kwa imla, kwa hiyo ukiona kosa humu ujue ni la kalamu. Binti yangu anafanya kazi katika maabara ya meno. Sisemi hivyo kwa kujisifu. Nasema kwa sababu ni kweli, na kwa sababu mtu akijaliwa mtoto kama huyu halafu akanyamaza, huo nao ni uongo wa aina yake. Nyumbani tunamwita Sisimizi, kwa udogo wake na kwa kutotulia. Jina hilo alipewa na bibi yake, yaani mama yangu, na huyo bibi ndiye chanzo cha barua hii, yeye pamoja na kitabu chako.

Mama yangu anakipenda kitabu chako kuliko anavyonipenda mimi. Analala nacho chini ya mto pamoja na miwani. Kila asubuhi, kabla hajanawa uso, anakifungua popote kinapofunguka, anaweka kidole, na methali iliyo chini ya kidole ndiyo amri ya siku. Wengine hufungua dirisha kuona hali ya hewa, yeye hufungua kitabu. Siku kilipofunguka kwenye Mgeni njoo mwenyeji apone, hatukuruhusiwa kufunga mlango, na msoma mita ya maji alikula kwetu mara mbili. Siku ya Chelewa chelewa utakuta mwana si wako, tulifika kliniki mlinzi bado anatafuta funguo. Tumezoea. Mama ni mama.

Lakini safari hii kitabu kimevuka mpaka. Malalamiko yangu ni haya, na nimeyapa namba ili usije ukasema yamekuchanganya.

1. Kitabu chako kinajipinga chenyewe, na anayeumia hapo katikati ni mzee wa watu.

Mama ana pengo mbele, juu. Jino lilivunjika alipokuwa akikata uzi wa pazia langu kwa meno, na mkasi uko mapajani mwake. Pengo lenyewe si pengo la kawaida. Akitamka neno lenye sauti ya s, linapiga mluzi. Akisimama mlangoni akamwita Sisimizi, jina linatoka na mluzi mbele na mluzi nyuma, linavuka ukuta, linafika barabarani, na sisi sote tunajua chakula kiko tayari. Kuku wa jirani nao wanajua, wanakuja. Mimi mshonaji mwenye wateja wa heshima nimekuwa nikiona aibu. Mteja unampima kiuno, amevuta tumbo ndani, mara nyumba inalia kama birika. Tumbo linaachiwa, kipimo kinaharibika.

Basi siku moja kitabu kikafunguka kwenye Usipoziba ufa utajenga ukuta. Mama akalipapasa pengo kwa ulimi, akasema haya, nipelekeni. Tukampeleka. Daktari wa meno akampandikiza skrubu ndogo ya titani ndani ya mfupa, tukaambiwa tusubiri mpaka mfupa uikumbatie. Mfupa ukaikumbatia. Kikachukuliwa kipimo cha kinywa, kikaenda maabara, jino likatengenezwa. Asubuhi ya kwenda kulifunga, mama akiwa ameshavaa viatu, akakumbuka kuwa hajafungua kitabu. Akafungua. Jino la pembe si dawa ya pengo. Akavua viatu, akarudi kitandani, akajifunika shuka mpaka kidevuni.

Ndugu Mhariri, kitabu chako kilimchukua mama yangu, kikamfikisha nusu ya njia, kikamshusha hapo na skrubu mdomoni. Hata mwendesha pikipiki asiye na adabu humshusha abiria karibu na nyumba.

2. Methali yenyewe haina ukweli wa kiufundi.

Hapo hakuna pembe. Pembe ni za tembo, na tembo wameachiwa za kwao. Jino la mama ni la kauri, limeokwa ndani ya tanuru ambamo mkate ungegeuka moshi. Halafu, nani aliyesema jino ni dawa? Dawa hunywewa. Jino ni jino.

Najua utajiuliza mshonaji ameyajulia wapi haya. Mimi mwanangu akirudi kazini simuulizi umeshindaje. Namuuliza umeshika nini leo. Kwa hiyo keti nikueleze.

Jino la kauri ni tupu kwa ndani, kama kofia. Halikai hivihivi juu ya skrubu iliyo mfupani, linahitaji kiguu kidogo cha chuma cha kulisimamisha. Kazi anayojifunza Sisimizi ni kuviunganisha hivyo viwili, kofia na kiguu, kwa saruji ya meno. Madaktari wengine kazi hiyo huifanyia humohumo kinywani mwa mgonjwa, mate yanatoka, ulimi hautulii, mgonjwa anataka kukohoa. Saruji ikizidi, inajipenyeza chini ya fizi na kujificha, na fizi haisahau, inavimba. Sisimizi anaifanyia mezani. Kwanza anaziba tundu la skrubu, saruji isije ikaingia. Anakikwaruza kiguu kwa upepo wenye mchanga laini, ndani ya kisanduku cha kioo. Anapaka saruji nyembamba kama mtu anayempaka mafuta mtoto mchanga, anakandamiza, anapangusa iliyochuruzika, analigeuza jino huku na huku mwangani, na pale kauri ilipokutana na chuma anasugua mpaka ukucha ukipita haujui. Daktari analipokea likiwa zima. Kuna kitundu nyuma ya jino, upande wa ulimi. Anapitisha bisibisi hapo, anakaza, anaziba kitundu, mgonjwa anakwenda zake. Na siku likihitaji kuangaliwa, linafunguliwa kwa mlango uleule iliopitia bisibisi.

Mimi nilielewa mara moja. Kifungo hukishoni shati likiwa mwilini mwa mtu, utamdunga. Unalivua, unashona mezani, unaangalia nyuma na mbele, ndipo unamrudishia mwenyewe. Kama mimi nimeelewa, wahenga wako wangeelewa pia, ila hawakupata mtu wa kuwaambia.

3. Methali yako imeniletea kaka yangu nyumbani.

Kaka yangu ni mwashi. Mama alipokosa imani na jino, alisema kwa mambo ya saruji aitwe mwenye saruji yake. Nikajaribu kumweleza kuwa saruji ni jina tu, hizo mbili hata hazisalimiani. Hakusikia. Kaka akaja na viatu vya kazini, akaketi ukingoni mwa kitanda, akamuuliza binti yangu kwa heshima zote za fundi kwa fundi, mjomba, kwenye saruji yako unatia mchanga mabeleshi mangapi. Sisimizi akamjibu, mjomba, mchanga haumo ndani ya saruji, ni wa kukwaruzia chuma tu. Kaka akatikisa kichwa kwa kuridhika. Alichosikia ni mchanga upo. Akamgeukia mama, akamwambia, mama, mimi nimeuliza la msingi na nimejibiwa, kazi ni ya kuaminika, lakini wasipoimwagilia maji asubuhi na jioni itapasuka.

Tangu siku hiyo mama anasukutua maji asubuhi na jioni. Anamwagilia saruji ambayo iko kwenye kisanduku cha pamba, upande wa pili wa mji. Kaka anapita kukagua. Nikimwambia hakuna kitu humo, ananiambia mimi niendelee na mapazia.

4. Hili ndilo linaloniuma, na hapa naomba uvae miwani kama unayo.

Maabara ile ina mkuu wake, wenyewe wanamwita Miwani Mbili, kwa sababu moja iko machoni na nyingine ameisahau juu ya paji la uso. Mzee huyo ana kanuni yake. Mtu haketi kwenye meza ya saruji mpaka jino lake la kwanza likae kinywani mwa mgonjwa, daktari alikague, arudishe neno jema. Kabla ya hapo, ukiacha hilo moja la majaribio, unamwaga plasta ya kutengenezea mifano ya vinywa, basi. Meza ya saruji iko dirishani, ina mwanga mzuri, na kiti kilichobaki ni kimoja. Kuna mwenzake Sisimizi aliye naye kwenye plasta, ambaye pia jino lake la kwanza limekamilika, na mgonjwa wake ni bwana mmoja asiyesoma kitu chochote. Bwana huyo atakuja siku yoyote kufungwa jino lake, na kiti kitakwenda.

Jino la kwanza la Sisimizi ni la bibi yake. Aliliomba mwenyewe. Angeweza kupewa la mtu baki, akasema la kwanza liwe la aliyenipa jina. Sasa liko ndani ya kisanduku juu ya pamba. Anakifungua akifika kazini, analitazama, anakifunga, anarudi kwenye plasta. Jioni anarudi kwangu mikono myeupe mpaka kwenye viwiko. Mtoto wa kunyamaza hivi mimi sikumzaa, nilizaa mtoto wa kusema.

Alipokwenda kumbembeleza bibi yake, mama alimshika shavu akamwambia hivi, nakuandikia kama nilivyosikia mlangoni: mjukuu wangu, kazi yako ni nzuri na mikono yako naijua, lakini mimi siwezi kubishana na kitabu. Kikikanusha chenyewe, nitafungua kinywa.

Ndiyo maana sikumwandikia daktari wala mkuu wa maabara. Nimekuandikia wewe mwenye kitabu.

5. Nilipoanza kuchunguza, nilikuta hiyo ya jino si peke yake.

Nimekaa na kitabu chako mama akiwa msalani, nikazipima methali zako kwa kazi ya mwanangu, moja baada ya nyingine. Zinavuja. Haraka haraka haina baraka: saruji ya meno ikishachanganywa haimngoji mtu, na mwanafunzi mmoja aliyeifuata methali hiyo alibaki ameshika kijiti chenye saruji iliyoganda mkono mmoja na jino mkono mwingine. Haba na haba hujaza kibaba: hivyo hasa ndivyo fizi za watu zinavyovimbishwa, haba moja huku, haba nyingine kule. Kidole kimoja hakivunji chawa: huenda, lakini kidole kimoja ndicho kinachokandamiza jino mpaka linashika, ukiweka viwili linakaa upande. Mtaka cha mvunguni sharti ainame: hii ni ya kweli, iachwe, kisanduku cha mchanga wamekiweka chini ya meza.

Unaona tatizo lilipo? Methali zako zinaunganishwa humohumo vinywani mwa watu. Mtu anaipokea kutoka kwa bibi yake ikiwa bado mbichi, hakuna aliyeikagua kwa nyuma, kilichozidi kinajipenyeza chini ya fizi, na miaka mingi baadaye mama yangu anakataa kuvaa viatu. Mimi napendekeza kila methali ipitie mezani kwanza. Igeuzwe huku na huku mwangani, iliyochuruzika ipanguswe, isuguliwe, iachiwe na kitundu kwa nyuma ili siku ikileta shida ifunguliwe. Ndipo watu wapewe. Kama ofisi yako haina meza ya namna hiyo, Sisimizi anaweza kuja siku ya mapumziko. Chakula chake atakuja nacho.

Kwa hayo yote, ninaomba kwa unyenyekevu mambo machache.

Methali ya Jino la pembe si dawa ya pengo ifutwe katika chapa ijayo, na kwa vitabu vilivyokwisha kuuzwa mumtume mtu mwenye wino mweusi apite nyumba kwa nyumba. Aanzie kwetu. Mlango wetu ni wa bluu, atasikia cherehani, na kama ni saa ya chakula atasikia mluzi.

Mahali pake iwekwe methali hii niliyoitunga mwenyewe nikiwa kwenye pindo la pazia: Jino la saruji, pengo halirudi. Nimeihesabu mizani kwa vidole, sita huku na sita huku. Vina haviko sawasawa kabisa, lakini vimekaribiana, kama jino na jirani yake. Mama akiikuta kitabuni hatakuwa na neno tena.

Kwenye jalada, kile chungu mlichokichora kitolewe, iwekwe picha ya Sisimizi akiwa na koti lake jeupe. Ninayo. Ameangalia pembeni kidogo, lakini amependeza.

Mwisho, uniandikie barua ya kuthibitisha, kwa herufi kubwa, ielekezwe kwa mama na si kwangu. Barua zangu anasema zina maneno mengi.

Nakuaga kwa heshima ya sindano na uzi. Wasalimie wote hapo ofisini, wapiga chapa, wanaofagia, na yule anayepanga methali kwa herufi, maana ndiye aliyeiweka ile ya jino mahali ambapo kitabu kinapenda kufunguka. Msalimie mkeo, au mumeo, sijui wewe ni nani. Wasalimie watoto, uwaambie wasikate uzi kwa meno.

Ni mimi mwenye mwana,
Mama Sisimizi, mshonaji.

Nyongeza: Barua hii ilikaa mezani siku kadhaa ikisubiri bahasha, na mambo yamebadilika kidogo.

Asubuhi moja kitabu chako kilifunguka chenyewe kwenye herufi M, Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Sitaki kuulizwa utepe wangu wa kupimia ulifikaje katikati ya kurasa hizo. Mama aliisoma mara mbili, akapapasa skrubu yake kwa ulimi, akasema kweli, nguo nilishazivua, leteni viatu. Tukaondoka hata chai hatujanywa, kabla hajafungua ukurasa mwingine.

Jino limekaa. Daktari alilizungushia uzi, akaangaza kwa kioo, akatafuta saruji iliyobaki, hakuona hata punje. Neno jema likafika maabara kabla yetu. Yule bwana asiyesoma kitu hajatokea mpaka leo, na Sisimizi ameketi dirishani. Nimepita nje ya dirisha lile mara chache nikijifanya nina safari. Kaka yangu anatangaza kila anapojenga kwamba ni yale maji.

Sasa sikiliza. Jioni ya siku ileile mama alisimama mlangoni akamwita Sisimizi. Jina likatoka safi, kavu, kama linavyosomwa na karani dirishani. Ukuta halikuuvuka. Mtoto alikuwa pale getini, hakugeuka hata shingo, alidhani anaitwa mtu wa nyumba nyingine. Kuku hawakuja. Chakula kikapoa tukiwa tumetawanyika kila mtu na lake, na mimi nilikuwa na mteja mbele yangu amevuta tumbo, nikajikuta nimesimama na utepe mkononi, nasikiliza kitu ambacho hakikuja. Mama akajaribu tena. Akatuita mmoja mmoja kwa kutufuata tulipo.

Kwa hiyo ile methali naomba isifutwe. Ipigwe wino mzito, wahenga walikuwa wamesimama mlangoni kwetu. Hii yangu ya pengo halirudi ndiyo uitupe, nilipoitunga nilidhani ni sifa.

Au usubiri kwanza. Jana usiku mama alimuuliza mjukuu wake, kwa sauti ya chini, kama ule mlango wa nyuma ya jino unafunguka kweli au ni maneno ya maabara. Sisimizi akacheka mpaka akaketi sakafuni, akamwambia, bibi, sasa unadhani kwa nini tuliunganisha nje? Basi usifute wala usichape kitu. Leo asubuhi mama ameamka na kuvaa viatu bila kufungua kitabu, tunakwenda kumuuliza daktari kama pengo linaweza kurudi siku za Jumapili.